Mume anataka miji sita, mama mkwe anataka Bumbuli, mimi nataka kulala

SWALI

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni muuguzi, nina watoto wawili, naishi Dar es Salaam na mume wangu pamoja na mama yake mzazi. Likizo yangu mwaka huu imeangukia Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na mume wangu naye ameruhusiwa kazini wiki hiyohiyo. Tumekubaliana kwenda milima ya Usambara. Makubaliano yetu yameishia hapo.

Tuna usiku sita. Tunaondoka Jumamosi, tunarudi Ijumaa. Mume wangu ameshaandika ratiba: usiku wa kwanza Soni, wa pili Lushoto, wa tatu Mlalo, wa nne Mtae, wa tano Amani, wa sita Tanga mjini, kisha nyumbani. Anasema yote ni milima ileile, na kwenye ramani ya simu Lushoto na Amani zinaonekana zimepakana. Kwa maoni yake, mtu akishaendesha kilomita 350 kutoka Dar hawezi kukaa sehemu moja akitazama mashamba ya kabichi.

Mimi nataka kitanda kimoja tu. Kazi yangu ni ya zamu, na mwaka huu zamu za usiku zimeniandama. Nataka niamke nje kuna ukungu, niletewe chai ambayo sikuichemsha mimi, nilale tena. Kufunga na kufungua mabegi ya watu watano kila asubuhi siwezi. Tena mtoto mdogo ana miaka minne na njia ya kona humtapisha. Wa miaka tisa hana shida. Gari letu ni dogo, la chini, otomatiki, cc 1300.

Sasa mama mkwe. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua na ana presha anayoimezea dawa kila siku. Kwao ni Bumbuli, na hukohuko ndiko alikoolewa. Wazazi wake wamezikwa huko, na shangazi wa mume wangu bado anaishi kwenye nyumba ya ukoo. Aliposikia ratiba alinyamaza kabisa, kisha jioni moja mezani akasema: “Kwa hiyo mtapita Soni, mtakiona kibao cha Bumbuli, mtaendelea mbele.” Hakuongeza neno. Mume wangu alicheka, akaanza kuzungumzia mpira.

Bi Mshauri, siwachukii wakwe zangu. Lakini tulipokwenda huko kwenye msiba, nililala usiku wa manane na kuamka saa kumi na moja alfajiri, nikashinda jikoni kwenye moshi wa kuni. Hakuna aliyenionea, maana wake wote wa ukoo walikuwa humo humo. Ila nikiwaza kuimaliza likizo yangu namna ile, machozi yananilengalenga. Na nikikataa, nitakuwa mkwe mwenye maringo aliyekuja Usambara kulala nyumba ya wageni na nyumbani kupo. Mimi ni mtu wa Lindi, mgeni kwao, na maneno ya namna hiyo hayafutiki haraka.

Bajeti yetu ni shilingi 1,500,000 pamoja na mafuta. Nyumba ya wageni niliyoipata Lushoto inataka tutume nusu ya malipo ndani ya wiki mbili hizi. Tuchague miji ipi, na mingapi? Na Bumbuli niifanyeje bila kugombana na mtu?

Mkwe wa Mlimani, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole na zamu.

Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni miji ipi inaingia kwenye usiku sita bila kuwachosha. La pili ni mke afanye nini na nyumbani kwa mumewe pale ambapo mumewe mwenyewe hajapaweka kwenye ratiba. Nianze na la kwanza, kwa sababu ni la kilomita, na kilomita hazina undugu na mtu.

Ramani ya simu imempoteza mumeo kidogo. Usambara ni safu mbili. Soni, Lushoto, Mlalo na Mtae ziko Usambara Magharibi, Amani iko Usambara Mashariki, na kati yao kuna bonde la Lwengera. Jicho linaliruka bonde hilo haraka, lakini gari lenu haliwezi. Kutoka Mtae kwenda Amani mtarudi kwanza Lushoto, kama kilomita 60, nyingi zikiwa za barabara ya udongo. Mtashuka kilomita 33 hadi Mombo, mtafuata barabara kuu kupitia Korogwe na Segera mpaka Muheza, halafu mtapanda tena kama kilomita 35 mpaka ndani ya msitu. Hiyo ni siku nzima ya barabarani, na huyo mdogo atakuwa ametapika kwenye milima miwili.

Wala Amani si mahali pa kulala usiku mmoja na kuondoka alfajiri. Bustani ya mimea waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902 inahitaji nusu siku na mtu wa kuwaeleza mnachokiona. Msitu wake, uliotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, unahitaji nusu siku nyingine. Milima hiyo ndiyo asili ya lile ua dogo la zambarau linalofugwa madirishani Ulaya, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892 na likabeba jina lake. Zaidi ya hayo, milima ya mashariki ndiyo inayopokea kwanza mawingu ya Bahari ya Hindi, kwa hiyo mvua yake ni nyingi, na Desemba huenda vuli haijaisha. Iko chini kuliko Lushoto, kwenye mita 900 hivi, na mbu wa malaria wapo. Akipenda sana Amani, mnaweza kuiwekea safari yake kutokea Tanga, chandarua kikiwa kwenye begi.

Bila Amani na Tanga, usiku mwingine mnaweza kuubana kwa wepesi zaidi. Soni na Lushoto zimeachana kama kilomita 13 za lami. Kulala usiku mmoja hapa na mmoja pale ni kubadilisha kitanda bure, kwani maporomoko ya Soni mnaweza kuyaona mnapopita. Mlalo ni pazuri, na mumeo angezipenda zile nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao, lakini ina njia yake inayoachana na ya Mtae. Ukiziunganisha mbili hizo, lazima urudi nyuma.

Mtae, pamoja na jirani yake Mambo, ndiyo ngumu kuiamulia, na hapo namwelewa mumeo. Kijiji kimekaa juu ya ukingo mwembamba, mlima ukakatika, na chini yake mbuga za Mkomazi zimetandazwa kuelekea Kenya. Lakini mandhari hayo hutegemea wingu. Kipindi cha mvua ukungu hupanda asubuhi ukafunika kila kitu, na huenda usiondoke mpaka mchana au usiondoke kabisa. Ukilala usiku mmoja unakuwa na asubuhi moja tu, na ikifungwa mmeendesha muda wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi mkaona weupe. Anayekwenda Mtae ajipe asubuhi mbili, maana yake usiku mbili. Sasa wewe kama muuguzi pima na hili: mama mwenye presha akizidiwa usiku Mtae, hospitali ya wilaya iko Lushoto, mwisho wa zile kilomita 60, gizani. Bumbuli kuna hospitali ya Walutheri karibu. Sisemi msiende. Nasema swali la Mtae linabadilika kutegemea kama mama yumo garini au hayumo.

Hapo tunafika kwa mama.

Umeandika barua nzima ukiamini kwamba anataka mlale Bumbuli. Rudia kusoma maneno yake. Alisema mtapita, mtakiona kibao, mtaendelea mbele. Neno kulala halimo. Huenda anataka wiki nzima. Huenda pia anachotaka ni kuonwa na wenzake akiwa na wajukuu, afike kwenye makaburi ya wazazi wake, ale chakula kimoja na wifi yake, aondoke moyo umetulia. Kwa mtu wa miaka 71 mwenye magoti mabovu, kila safari ya kwenda kwao anaihesabu. Mkiwa wawili, muulize: “Mama, ungependa tukalale, au tukasalimie? Ungependa kubaki huko siku chache na shangazi sisi tukienda Lushoto, halafu tukupitie? Na makaburini unaweza kufika kwa miguu, au tutafute namna?” Majibu ya maswali hayo yatapanga ratiba yenu kuliko ramani.

Na mumeo? Ratiba yake inaizunguka Bumbuli pande zote na haiingii. Imepita Soni, ilipo njia panda ya kwao, ikaruka mpaka Tanga mjini. Mtu hasahau kwao kwa bahati mbaya namna hiyo. Wanaume wengi wanaoishi mjini hukwepa nyumbani kwa sababu za fedha: ada za watoto wa ukoo wanazosubiriwa kulipa, paa la nyumba ya wazazi walilowahi kuahidi. Wengine wana jambo la zamani lisilosemwa. Sababu yake inaweza kuwa mojawapo ya hizo, au nyingine kabisa, na wewe unamjua kuliko mimi. Muulize mkiwa peke yenu, mbali na meza ya chakula, na mwanzo wa swali lako uwe wepesi: “Ungependa tufike Bumbuli, au kuna kinachokuzuia?” Ikiwa ni fedha, jambo hilo lina mpangilio. Mnakubaliana kiasi kabla ya kuondoka, mnakiweka kwenye bahasha, anamkabidhi shangazi mwenyewe, na atakayeomba zaidi anaambiwa kwa heshima kwamba safari hii kilichokuwepo ndicho hicho.

Sasa tuone mnavyoweza kupanga, na kila mpango una gharama yake.

Mnaweza kulala Lushoto usiku zote sita na kwenda Bumbuli siku moja kutwa. Ungepata kile kitanda chako. Irente, pale mlima unapokatika juu ya Mazinde, iko kilomita sita hivi kutoka mjini, na shamba la njiani huuza jibini na mkate wa kwao. Msitu wa Magamba uko karibu vilevile. Mwanao wa miaka tisa angetosheka, na mama angebaki uani akiota jua. Hatari iko kwenye hiyo siku moja ya Bumbuli. Barabara inaachana na ya Lushoto pale Soni, na kwa kuwa mvua za milimani hupenda kushuka alasiri, ingebidi mwondoke huko si zaidi ya saa tisa. Kuku wa mgeni huchinjwa mgeni akishafika. Mkifika saa sita, chakula kinaweza kuiva saa tisa yenyewe, nanyi mkaonekana mnakula huku mmeshika ufunguo wa gari. Mkiuchukua mpango huu, tokeni Lushoto saa moja asubuhi, na shangazi aambiwe kwa simu tangu siku mbili kabla.

Mnaweza kuanzia Bumbuli, usiku mbili, kisha Lushoto usiku nne. Kuanzia huko kuna faida: unatimiza la ukweni ukiwa bado na nguvu, na siku zinazobaki ni zako bila deni. Ukiiweka Bumbuli mwishoni utakuwa unaiwazia kila siku. Usiku mbili ni kipimo cha wazee, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hatari ni kwamba utafika umechoka na safari ya Dar, na gari la chini lenye watu watano na mizigo linaweza kugusa tumbo kwenye makorongo barabara ikiwa imelowa. Piga simu asubuhi ya siku hiyohiyo, uliza kama magari madogo yanapita. Usiulize pikipiki, kwani hizo hupita popote.

Kuna namna ya tatu, nayo inamtegemea mama. Mnamfikisha Bumbuli, mnalala naye usiku mmoja, anabaki na wifi yake, ninyi mnakwenda Lushoto, na mkirudi mnapanda tena Bumbuli kutoka Soni kumchukua. Yeye anapata siku anazozitaka bila kukaa garini, na mumeo anapata nafasi ya Mtae kwa usiku mbili bila wewe kuhofia dawa na hospitali. Kwa Mtae liacheni gari lenu Lushoto. Basi la huko huondoka mchana na kurudi alfajiri sana, jambo gumu kwa mtoto anayetapika. Mkikodi gari la juu na dereva wake, elewaneni kwa maandishi kama bei ina mafuta, siku za kusubiri na malazi ya dereva. Lakini mama akihisi mmemtua ili mkastarehe, mpango huu utauma kuliko ile ratiba ya kwanza. Lazima neno la kubaki litoke kinywani mwake.

Kuhusu jiko, nina maneno machache ya kukutuliza na machache ya kukutahadharisha. Ulichokiona ni msiba, na kazi ya msibani haina kipimo. Matembezi ya watu watano ni jambo jingine. Hata hivyo wewe ni mke wa ukoo, na ukikaa sebuleni siku mbili bila kuingia jikoni itasemwa, hata kama hutasemwa usoni. Wake wengi hujipangia mlo mmoja: siku ya pili unapika wewe, kwa vitu ulivyokuja navyo, pilau au wali wa nazi wa kwenu Lindi, na nazi hizo uzitoe Dar. Mlo unaoushika mwenyewe unaupangia saa yake. Milo mingine unasaidia, huiongozi. Chukua mchele kilo 10, sukari kilo 5, majani ya chai, mafuta ya kupikia na sabuni, na kitenge cha shangazi kikabidhiwe na mama mkwe kwa mkono wake. Na ombi la kwamba mkewe anatoka zamu anahitaji kulala ni la mumeo kulisema kwa shangazi yake. Likitoka kwako ni maringo, likitoka kwake ni taarifa.

Huyo mdogo mkaze katikati ya kiti cha nyuma, kwenye kiti chake cha mtoto, aone barabara mbele. Simu asipewe. Mombo ale kitu kikavu kidogo, si maziwa wala juisi, na Soni mshuke mpumzike dakika ishirini. Dawa ya kichefuchefu na kipimo chake mfamasia atakupa kwa uzito wa mtoto.

Njia ya Mombo hadi Lushoto ni lami, lakini ni nyembamba, ina kona kali, na wakati wa mvua mawe huanguka kutoka ukingoni. Ipandeni mchana, mpige honi kwenye kona zisizoonekana, mkitazamia malori ya mboga. Tokeni Dar alfajiri na mpitie Bagamoyo na Msata kukwepa foleni ya Kibaha. Wiki hizo za Desemba barabara ya kaskazini imejaa watu wanaokwenda Kilimanjaro kula sikukuu, kwa hiyo muda wa safari uongezeni. Kwa mafuta, Dar hadi Lushoto na kurudi, pamoja na mizunguko ya karibu, tengeni kama lita 85, kwa kuwa mlimani gari dogo lenye mzigo hunywa zaidi. Wakati wa kushuka mumeo aweke gia ya chini, L au 2, asiegemee breki njia nzima. Akisikia harufu ya kuungua asimame nusu saa, na asimwagie maji magurudumu, maana diski ya moto ikipata maji ya baridi hupinda au hupasuka. Msijaze buti mkiwa Lushoto kwa kununua karoti na viazi vya bei nafuu kama bado hamjaaga Bumbuli, kwa sababu huko mtafungashiwa ndizi na viazi, na kukataa mzigo wa shangazi ni kosa kubwa kuliko kuchelewa kufika.

Sasa ile nusu ya malipo. Kabla hujaituma, iulize hiyo nyumba ya wageni mambo haya: tarehe zikisogea fedha inahamia au inapotea, chumba cha mama kiko chini bila ngazi, kina choo cha kukaa na maji ya moto, bei ina kifungua kinywa cha watu watano au wawili, gari linalala ndani. Lakini kwanza kaa na mama, kisha na mumeo, ndani ya wiki hii ya mwanzo. Kama mama atalala Bumbuli usiku mbili au tano, huhitaji vyumba vitatu Lushoto kwa usiku zote sita, na fedha ya chumba chake ndiyo inayoweza kulipia gari la Mtae.